Beji Iliyobaki Ndani ya Mashine

Wakiuru wa Gakindu hakujua kompyuta. Alijua kompyuta moja. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyommaliza.

Mimi nauza kompyuta kuukuu mjini Nyeri, zile zinazotoka maofisi ya Ulaya zikiwa bado na vibandiko vya wenyewe. Wakiuru, ambaye sote tulimwita Mama Ngendo, alikuwa mteja wangu wa vitu vidogo. Alikuja mara moja kwa mwaka, au hata asije, kununua kipanya au waya wa stima, na hakuna mtu aliyewahi kunitoa jasho kwa bei ya kipanya kama yeye. Alikuwa anakigeuza, anakinusa, anakirudisha mezani, anatoka mpaka mlangoni, anarudi. Mtu wa namna hiyo mimi humheshimu. Anajua kwamba bei ya kwanza ni salamu tu.

Aliacha shule darasa la saba, akaenda Athi River kushona zipu za suruali katika kiwanda cha nguo za kuuzwa ng'ambo. Kiwanda kilipofungwa, vifaa vikanadiwa. Wenzake waligombania cherehani. Wakiuru akasimama kando mpaka kelele zikaisha, kisha akauliza bei ya mashine iliyobaki ukutani bila mtu wa kuitaka. Ilikuwa mashine ya kudarizi yenye sindano saba, pamoja na kompyuta ya kuiongoza. Iliachwa kwa sababu programu ya kuchora, ile iliyokuwa ndani ya kompyuta, ilikuwa ya Kichina tupu. Akaipata kwa bei ya chuma. Mimi pia nilianza na chaja zilizoachwa na wengine, kwa hivyo najua aliona nini pale.

Fundi mmoja Mchina aliyekuwa akifunga virago alimwonyesha kwa kidole: bonyeza hapa, halafu pale, halafu huku chini. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana. Wakiuru akayapa yale maandishi majina yake mwenyewe. Hili lilikuwa Mtu Amebeba Kuni, lile Nyumba Haina Mlango, lile jingine Mguu wa Kuku. Kuanza kuchora ni Nyumba Haina Mlango. Kubadilisha rangi ya uzi ni Mguu wa Kuku. Nimemwona kwa macho yangu akichora beji nzima ya shule kwa njia hiyo huku akimtukana kuku wa jirani kupitia dirishani, na mkono wake haukukosea.

Alirudi nyumbani Gakindu na ile mashine, akaiweka katika chumba cha mbele, na kwa miaka mingi beji za sweta za shule katika eneo hilo zilitoka kwake. Msalaba, kitabu, mwenge, tawi la kahawa, na mlima. Mlima ni lazima. Hakuna shule huku kwetu isiyotaka mlima kwenye beji, na hakuna mwalimu mkuu asiyetaka mlima wake uwe na theluji. Wakiuru alizoea kulalamika kwamba theluji ya Mungu inapungua kila mwaka lakini ya walimu inaongezeka, na uzi mweupe ni wake.

Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani mno. Tumbo lake lilishika beji moja tu. Ukiingiza nyingine kutoka kwenye kompyuta, ya kwanza inatoka. Kwa hivyo Wakiuru alikuwa na desturi. Kila jioni akimaliza kazi aliingiza tena beji ya Nuru Academy, shule ndogo ya kibinafsi iliyokuwa mteja wake wa kwanza, na ndiyo iliyolala ndani ya mashine. Asubuhi aliishona mara moja kwenye kitambaa kibovu ili kupima nyuzi, maana ilikuwa na rangi zote saba: theluji nyeupe, mlima wa buluu, jua la manjano, majani ya kahawa ya kijani, matunda mekundu, kitabu cheusi, na utepe wa hudhurungi chini yake. Nuru Academy ilifungwa mwaka wa korona na haikufunguliwa tena. Madarasa yake sasa ni nyumba za kuku. Beji yake iliendelea kulala ndani ya mashine kila usiku, na Wakiuru hakuona haja ya kubadilisha mazoea.

Mwezi wa kumi mwaka wa 2025, kompyuta ile ikaungua.

Ule mwezi dukani kwangu palikuwa na msongamano. Watengenezaji wa Windows 10 walikuwa wameacha kuitunza, na kila mwenye kompyuta ya miaka kadhaa alitaka kujua kama yake itaweza kubeba Windows 11. Nyingi haziwezi. Nilikuwa nimechoka kueleza. Wakiuru akaingia na kompyuta yake imefungwa kwa leso, kama mtoto, akaitua juu ya meza.

"Wambugu, hii imetoa moshi ikanyamaza."

Nikaifungua, nikanusa. "Mama Ngendo, hii ni ya kuzikwa."

"Sijakuja kuuliza matanga. Nataka ingine kama hii."

"Kama hii namna gani?"

"Kama hii. Ya Kichina."

Nikamketisha. Nilimweleza kwamba kompyuta yenyewe ni mabati na nyaya tu. Kinachoiendesha ni mfumo ulio ndani, na mfumo wake ulikuwa Windows XP, ambao wenyewe waliuacha zamani. Sasa alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, nimtafutie kompyuta kuukuu ya rika la yake, niiwekee XP, tuweke na ile programu ya Kichina. Ya pili, achukue kompyuta changa yenye Windows 11, lakini programu yake haitakubali kukaa humo, na ya kisasa inayouzwa Nairobi bei yake ni ya mtu mwenye shamba la kuuza. Ya tatu ni Linux. Mfumo huo ni wa bure, unakaa hata kwenye kompyuta kuukuu, na kuna programu ya kudarizi ya bure inayofanya kazi humo. Ila ataanza upya.

"Hiyo ya bure," akasema, "mwenyewe ni nani?"

"Haina mwenyewe mmoja. Ni watu wengi, huko na huko duniani."

"Ikiharibika nalilia nani?"

"Unanililia mimi."

"Wewe unafunga duka saa kumi na moja."

"Mama Ngendo, mimi nakushauri uchukue hiyo. XP imekufa. Ukirudi huko, siku nyingine itaungua tena na kompyuta ya rika hilo hutaipata."

"Siku ingine ni siku ingine. Mimi niko na kazi ya depti."

Hiyo kazi ya depti ndiyo iliyokuwa uhai wake, na lazima nieleze. Shule ndogo za Mukurweini, huko kwao, zilikuwa zimeanza kumtoroka. Mfanyabiashara mmoja wa Karatina alikuwa na mashine mpya za vichwa vingi, na aliuza sweta pamoja na beji, vikiwa tayari. Kwa Wakiuru ilibaki shule moja hapa, moja pale. Halafu sekondari moja ya wasichana upande wa Wamagana ikaamua kubadilisha beji kabla ya kuwapokea wanafunzi wa Gredi ya Kumi mwezi wa kwanza. Beji mpya, shule nzima. Naibu wa mwalimu mkuu, yaani huyo depti, Bwana Wandera, mtu wa Busia, ndiye aliyeshika mambo ya sare, na alikuwa amemwahidi Wakiuru kazi yote akileta kielelezo kizuri kabla shule hazijafungwa. Akiipata, mashine itakula miaka mingine. Akiikosa, hana shule ya kumtosha. Hakunieleza kwa maneno mengi. Alisema tu, "Hii nikipoteza, nafunga."

Basi akachagua XP. Kwa hesabu yake hakukosea. Kazi ilikuwa karibu, na njia aliyoijua ilikuwa moja.

"Nyaya zote zilizokuwa nyuma yake ziweke vizuri," nikamwambia. "Usipoteze hata moja."

"Nimeziweka kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo. Unaniona mimi mtoto?"

Nilipata kompyuta ya kufaa Kangari, kwa mama aliyekuwa akifunga cyber yake ya intaneti baada ya wachuma chai wote kupata simu za kisasa. Nikaisafisha, nikaweka XP. Diski ya ile iliyoungua ilikuwa nzima, na programu ya Kichina na beji zake zote zilikuwemo. Siku ya soko nikaibeba mpaka Gakindu, nikaiweka mezani kando ya mashine. Wakiuru alikuwa amevaa aproni safi. Tukaiwasha, programu ikafunguka, akaona Nyumba Haina Mlango mahali pake, akapiga makofi mara moja.

Halafu kisanduku kikatokea katikati, na maandishi ambayo mimi wala yeye hatukuyajua, na programu ikajifunga.

Nikajaribu tena. Ikajifunga tena. Hapo nikajua. Programu za bei kubwa za namna hiyo huja na ufunguo, kidude kidogo kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Kisipokuwepo, programu inakataa kazi.

"Mama Ngendo, nyuma hapakuwa na kitu kimechomekwa? Kifupi hivi?"

"Nyaya ziko zote." Akamimina mkebe mezani. Kweli zilikuwepo zote, kila moja imefungwa kwa uzi wa rangi yake.

"Si waya. Kitu kama flashi."

"Ah, ile flashi ya bluu? Hiyo Kingori alichukua ya matanga."

Huku kwetu matanga hayanyimwi kitu. Ukiombwa sufuria unatoa, ukiombwa viti unatoa, hata kama marehemu mlikuwa hamsalimiani. Jirani yake, mzee Gicheru, alikuwa amefariki wiki ileile kompyuta ilipoungua. Kingori, anayekodisha spika za mazishi, alipita nyumba hadi nyumba akitafuta flashi ya kuweka nyimbo za waombolezaji, na Wakiuru akachomoa ile iliyokuwa nyuma ya kompyuta iliyokufa. Haikuwa waya. Kwa akili yake, ilikuwa kitu cha kompyuta iliyokufa, na kompyuta hiyo haikuhitaji tena kitu.

Tukamkuta Kingori akikunja nyaya za spika zake.

"Kingori, ile flashi ya bluu iko wapi?"

"Ile mbovu? Mama Ngendo, ulitaka kuniaibisha mbele ya maiti! Nimechomeka kwa laptop, hakuna kitu inaonekana. Pastor ananiangalia, watu wananiangalia, hata Gicheru nadhani alikuwa ananiangalia."

"Iko wapi?"

"Si nilitupa."

"Wapi?"

"Kwa takataka. Zile sahani za karatasi, na maua, na chupa za maji." Akatuangalia, mmoja baada ya mwingine. "Kwani ilikuwa na nini? Ilikuwa tupu!"

"Na takataka?"

"Wakachoma. Ungetaka wafuge?"

Tulienda kwa boma la Gicheru. Nyuma ya migomba palikuwa na duara jeusi lililonyeshewa. Wakiuru akashika jembe la uma, akaanza kupekua jivu polepole, kama mtu anayechimba viazi na hataki kukata hata kimoja. Mjane akatoka jikoni, akasimama akitutazama.

"Mnatafuta nini kwa moto ya mzee wangu?"

"Kitu yangu, dada. Haitachukua saa."

Ilichukua saa. Alichokipata ni kipande cha bati, kile kinachoingia ndani ya kompyuta, na tone la plastiki nyeusi limeshikamana nacho. Akakipangusa kwa aproni.

"Inatengenezeka?"

"Hapana."

"Hata Nairobi?"

"Hata Nairobi."

Akakitia mfukoni. Mtu mwingine angemwendea Kingori kwa matusi. Yeye alirudisha jembe la mjane mahali alipolitoa.

Nilifanya nilichoweza, na si kwa huruma. Nilikuwa nimeshanunua ile kompyuta ya Kangari. Niliandikia anwani iliyokuwa kwenye programu, barua pepe ikarudi. Kuna vijana Nairobi wanaovunja programu za watu. Wakaniuliza jina la programu, nikawatumia picha, wakasema hiyo hawajawahi kuiona na hawana muda nayo. Beji zote za Wakiuru zilikuwa salama kwenye diski, kazi ya maisha yake, na sikupata programu nyingine iliyoweza kuzifungua hata moja.

Ikabaki Linux.

Niliiweka kwenye kompyuta ileile, pamoja na programu ya bure. Mashine ya Wakiuru ilikuwa na mdomo wa zile diski bapa za zamani, kwa hivyo ungechora kwenye kompyuta, ukaandika kwenye diski, ukailisha mashine. Nilijaribu, ikakubali. Ufundi ulikuwepo. Na mfumo huo una jambo moja ambalo nilidhani litamfurahisha: unaweza kuuwekea Kiswahili. Nikauweka.

Akasoma, midomo ikicheza.

"Wambugu, hii Kiswahili ni ya nani?"

"Ni ya kompyuta."

"Inasomeka kama barua ya chifu."

Nikaweka Kiingereza. Akasema hiyo ni ya depti. Nikarudisha Kiswahili. Akabonyeza kitu, kompyuta ikamwuliza kama ana uhakika. Akaondoa mkono.

"Ona sasa. Ati niko na uhakika? Nitatoa wapi uhakika? Yule Mchina hakuwa ananiongelesha. Hii inaniongelesha kila saa."

"Soma tu, Mama Ngendo. Inakueleza."

"Sitaki kuelezwa. Nataka kushona." Akafikiri. "Huwezi kuiweka Kichina?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikaiweka Kichina, kila kitu, kutoka juu mpaka chini. Uso wake ukabadilika kabisa. Akavuta kiti, akaanza kutafuta kwa kidole kwenye kioo, akipita maandishi kama mtu anayetafuta ndama wake kwenye soko la ng'ombe. Na akampata! Nyumba Haina Mlango ilikuwa pale, pembeni kushoto, si mahali pake pa zamani, lakini ni yenyewe, mistari ileile. Akanitazama kuona kama nami nimeiona, akabonyeza.

Kila kitu kikafungika. Kioo kikabaki kitupu.

Kumbe sikuwahi kujua neno lile lilimaanisha nini, na yeye hakuwahi kuhitaji kujua. Katika programu moja neno lilikuwa sehemu ya kuanza. Katika nyingine lilikuwa sehemu ya kumaliza. Wakiuru akakaa na mikono juu ya mapaja.

"Basi rudisha ile ya chifu," akasema.

Siku za soko zilizofuata nilikuwa naenda Gakindu na kukaa naye mpaka mchana. Sitasema alikuwa mjinga, maana hakuwa. Alijifunza kuweka picha, kuchora juu yake, kugawa rangi, kuandika kwenye diski. Kilichomshinda kilikuwa kitu kimoja, na kilinishinda mimi pia. Ukidarizi, uzi huvuta kitambaa. Duara hugeuka yai, mlima hulala. Katika programu ya zamani alibonyeza Mtu Amebeba Kuni kisha namba, na duara likabaki duara. Katika hii mpya dawa hiyo ilikuwepo, nina hakika, lakini tungeitafuta wapi? Mimi nilijua maneno ya kompyuta nisijue ushonaji. Yeye alijua ushonaji asijue dawa yake inaitwaje kwa lugha ya watu. Tulikaa pale wawili, tukibahatisha, na mashine ikala nyuzi.

Alishona ile beji ya wasichana mara nyingi. Kila mara msalaba ulinyooka zaidi na mlima ukazidi kuanguka. Siku aliyopewa na depti ikafika, akachagua iliyokuwa na nafuu, akaipiga pasi, akaifunga kwa karatasi. Alinipigia simu nimsindikize. Alisema nimesaidia kuiharibu, basi nisaidie kuiuza.

Wandera alitupokea vizuri. Ni mtu wa heshima, mrefu, anayekunja miguu chini ya meza ndogo ya ofisi kama aliyeiazima. Akaishika beji, akaipeleka dirishani kwenye mwangaza.

"Mama, huu ni mlima gani?"

"Ni Kirinyaga, mwalimu."

"Mimi kwetu Busia hatuna mlima. Lakini hata mimi naona huu unaanguka."

"Nipe siku kidogo. Nitainyorosha."

"Siku kidogo nilikupa, mama. Na zingine kidogo." Akafungua droo, akatoa beji nyingine, akaiweka kando ya ile. Ilikuwa ya Karatina. "Hawa niliwatumia picha kwa simu asubuhi. Jioni ikaja imeshonwa."

Mlima ulikuwa umesimama wima, na theluji yake. Wakiuru akaichukua, akaigeuza nyuma, akapitisha ukucha kwenye nyuzi. Hivyo ndivyo mshonaji anavyosoma kazi ya mwenzake.

"Nyuma ni chafu," akasema. "Hii itafumuka ikifuliwa."

"Wasichana hawavai nyuma, mama."

Nikaingilia. Kujadiliana ndiyo kazi yangu. Nikamwambia Wandera agawanye: sweta zitoke Karatina, beji zitoke Gakindu, aonje kwa darasa moja kwanza. Akacheka, si kwa ubaya.

"Wambugu, wewe unauza kompyuta ama unamuuza mama?"

"Nauza kitu kizuri."

"Kizuri ni hiki hapa." Akagusa ya Karatina. "Nikipeleka hii ingine kwa bodi, wataniuliza nani ameketi juu ya mlima."

Nikajaribu kuomba beji za skauti, za kwaya, chochote. Zote zilikuwa kwenye mkataba mmoja. Nilipotafuta neno jingine, Wakiuru akanigusa mkono.

"Wachana naye. Anasema ukweli. Mlima imeanguka."

Akaichukua beji yake, akamshukuru Wandera, na Wandera akatufungulia mlango mwenyewe. Nje palikuwa na wasichana wakifagia majani, wamevaa sweta zenye beji ya zamani, kazi ya Wakiuru. Hakuwatazama. Aliniuliza kama kompyuta niliyomuuzia naweza kuichukua tena.

Niliichukua. Tulivutana bei mezani kwangu, akanishinda, na akatoka bila kurudi kutoka mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilipomuuliza kuhusu mashine, maana mota yake ina wanunuzi, alikataa.

"Hiyo bado inashona."

Ilikuwa kweli. Inashona beji moja. Jioni ya siku ile kompyuta ilipoungua, kabla ya moshi, alikuwa amemaliza kazi na kuingiza Nuru Academy kama kawaida yake. Vielelezo vya wasichana viliitoa, lakini alipovimaliza aliingiza Nuru nyingine, aliyoichora upya, kabla ya kunirudishia kompyuta. Ilikuwa beji ya kwanza aliyojaribu kuchora kwenye Linux, polepole, akiiga kitambaa cha zamani, na yenyewe ilikuwa imenyooka kiasi. Sasa hakuna cha kuingiza kingine. Kwa hivyo anashona hiyo. Ananunua sweta za mitumba zilizotoboka kifuani, anaziba tundu kwa beji ya Nuru Academy, anauza siku ya soko. Ukipita Gakindu utaona mzee anavuta mbuzi na beji kifuani, mama anapima ndengu na beji kifuani, mtu wa bodaboda hali kadhalika, wote wanafunzi wa shule yenye kuku. Hawalipi vizuri. Nani atalipa vizuri kwa kiraka?

Nilipita tena mwezi uliopita kuwaona wateja wangu wa huko. Alikuwa kwenye chumba cha mbele, mashine inanguruma. Nikachukua sweta moja, nikaiangalia. Mahali pa theluji hapakuwa na uzi. Palikuwa na matundu madogo madogo, yamepangwa vizuri, na sweta inaonekana kwa ndani.

"Nyeupe iliisha," akasema bila kuulizwa. "Sindano inaenda tu."

"Na uzi mwingine?"

"Wa nini?"

Jua pia lilikuwa limekwisha. Lilikuwa duara la matundu juu ya mlima wa matundu na buluu. Alikuwa amezima kile kidude cha kusimamisha mashine uzi ukikatika, kwa hivyo mashine haikujua kitu. Ilipita kila mahali ilipofundishwa kupita. Nikamuuliza bei. Akaitaja. Nikataja yangu, akatikisa kichwa, nikaiweka sweta chini, nikatoka mpaka mlangoni, nikarudi. Hakuteremka hata kidogo. Nikalipa.

Alipokuwa akiikunja, nikamuuliza ni rangi gani inayofuata kuisha. Akanyanyua mkono hadi kwenye koni za uzi juu ya mashine, akaipima ya kijani kwa vidole viwili.

"Kahawa," akasema, akabonyeza kitufe, na mashine ikaanza nyingine.